Mbaraka Mwinshehe na Muziki wa Dansi wa Morogoro

Wahenga wamenena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii tuliiandika katika madaftari yetu tulipokuwa shule ya msingi, tukaiandika tena katika mtihani wa sekondari, na baadaye, tulipokuwa mtumishi wa serikali katika kazi za utamaduni, tukaitumia kama rungu. Kila tulipotaka kukataa jambo tuliliita la kuiga; na tulipokwisha kuliita la kuiga, mjadala ulikoma. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi rungu hilo lilivyotugeukia wenyewe. Aliyetugeuzia ni mtu ambaye hatukupata kuonana naye hata siku moja: marehemu Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mpiga gitaa na mwimbaji wa Morogoro.

Tulikulia Mji Mpya, chini ya milima ya Uluguru. Aliyekulia Morogoro hawezi kutaja nyumbani kwao bila kuitaja milima hiyo, kwa maana kila asubuhi huikuta mbele ya macho yake, mara imevaa ukungu, mara imevua. Kutoka mabonde yake vijito huteremka hadi vikaungana katika Mto Ruvu, na maji ya Ruvu huwafikia watu wa Dar es Salaam ambao wengi wao hawajapata kuiona Lupanga wala Bondwa. Mlimani waliishi Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, pamoja na ngoma zao na matambiko yao. Bondeni kulikuwa na mji uliokua baada ya reli kufika mwaka 1907, na kando ya mji mashamba ya mkonge yaliyoleta watu kutoka pande zote za nchi. Watu hao walikuja kila mmoja na lugha yake na ngoma yake. Jioni, baada ya kazi, hapakuwa na ngoma hata moja ambayo wote waliijua. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha mchana. Kilichowakutanisha usiku ni dansi.

Baba yetu alikuwa mfanyakazi wa reli. Alikuwa na gramafoni moja, baiskeli moja, na santuri zisizozidi thelathini, ambazo alizifuta kwa kitambaa cha kanzu iliyochakaa kabla ya kuzipiga. Jumamosi jioni majirani walileta vigoda vyao uani. Sisi watoto tulikatazwa kuigusa sindano ya gramafoni, lakini hatukukatazwa kusikiliza.

Januari 1979 tulikuwa darasa la pili. Nchi ilikuwa vitani Kagera, na redio ya baba haikuzimwa, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na ndugu au jirani aliyekwenda mbele. Katika siku hizo zikaja habari kwamba Mbaraka Mwinshehe amefariki katika ajali ya gari huko Mombasa. Alikuwa na umri wa miaka 34. Tunakumbuka kwamba baba hakusema neno. Aliingia ndani, akaifunika gramafoni kwa shuka, na Jumamosi ile vigoda havikuletwa. Tulishangaa, kwa maana tulidhani kuwa mtu hufiwa na jamaa zake tu.

Ili msomaji aelewe msiba ule, inafaa tuiangalie njia ambayo muziki huo ulipita hadi kufika uani kwetu. Njia hiyo haikuanza na gitaa. Ilianza na tarumbeta. Wakati wa utawala wa Wajerumani askari na wanafunzi wa shule za serikali walifundishwa kupiga vyombo vya shaba, na watu wa pwani walipoyasikia matarumbeta hayo waliyachukua na kuyafanya yao. Hapo ndipo ilipostawi ngoma ya beni, yenye vyeo vyake, sare zake na mashindano yake makali kati ya Marini na Arinoti. Ngoma hiyo ilisafiri na askari, makarani na vibarua ikaenea bara. Waliokosa tarumbeta walitumia vibuyu na makopo, wakaupata mlio wautakao. Hivyo basi, kabla bendi ya kwanza ya dansi haijaundwa, watu wetu walikuwa wamekwisha kujifunza jambo kubwa: kwamba chombo cha mgeni kikikaa mikononi mwa mwenyeji kwa muda wa kutosha husahau lugha yake ya kwanza.

Kisha zikaja santuri. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV ilitoa mfululizo wa santuri zilizojulikana kwa herufi GV, zenye muziki wa Kuba, na santuri hizo ziliuzwa Afrika kwa wingi. Watu wa Morogoro hawakujua Kihispania, lakini mdundo waliutambua, kwa kuwa ulikuwa na damu ya Afrika iliyovushwa bahari katika majahazi ya utumwa na sasa ilikuwa inarudi. Mmoja wa vijana waliopagawa na santuri hizo alikuwa Salum Abdallah, aliyezaliwa mwaka 1928, baba yake Mwarabu na mama yake Mluguru. Husimuliwa kwamba alipokuwa kijana alitoroka nyumbani akitaka kusafiri hadi Kuba kwenyewe kuutafuta muziki ule, na kwamba safari yake ilikomea Mombasa. Alirudi Morogoro, na mwaka 1948 akaunda bendi iliyokuja kujulikana kwa jina la Cuban Marimba. Kama hakuweza kuifikia Kuba, aliileta Kuba ikakaa chini ya Uluguru, ikaimba Kiswahili, ikatoa mawaidha ya ndoa, ikasifu mji na uhuru. Salum Abdallah alikufa katika ajali ya gari mwaka 1965.

Mjini palikuwa na bendi nyingine iliyotangulia, yaani Morogoro Jazz, iliyoundwa mwaka 1944. Neno hilo la jazi lisimpoteze msomaji. Jazi ya Wamarekani weusi, ambayo mabingwa wake kama Louis Armstrong waliiongoza kwa tarumbeta, haikupigwa Morogoro. Kwa watu wetu jazi ilikuwa jina la fahari la bendi ya dansi, kama ilivyokuwa kwa Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz na nyinginezo. Hata hivyo, udugu upo. Katika bendi za kule tarumbeta ndiyo inayosimama mbele, ikasema, na wenzake wakaitikia. Katika bendi zetu mahali hapo palichukuliwa na gitaa la solo, likijibiwa na saksafoni, huku gitaa la ridhimu, besi na tumba vikishika njia. Mji wote uligawanyika kati ya Cuban Marimba na Morogoro Jazz, kama ulivyowahi kugawanyika kati ya Marini na Arinoti.

Mwaka huo huo wa 1944 ambao Morogoro Jazz iliundwa, tarehe 27 Juni, Mbaraka Mwinshehe alizaliwa Mzenga, wilayani Kisarawe. Alikulia Morogoro. Alianza masomo ya sekondari asiyamalize, akaufuata muziki Dar es Salaam, na katikati ya miaka ya 1960 alirejea na kuingia katika bendi iliyokuwa rika lake. Wakati huo kiti cha Salum Abdallah kilikuwa kitupu. Juma Kilaza aliibeba Cuban Marimba kwa uhodari mkubwa, lakini kwa upande wa pili wa mji kijana mwembamba mwenye gitaa alikuwa anainuka, na haukupita muda mrefu kabla jina la Morogoro Jazz na jina la Mbaraka hayajawa jina moja.

Mwaka 1970 Maonyesho ya Dunia yalifanyika Osaka, Japani, na Tanzania ilipeleka Morogoro Jazz iiwakilishe. Tuitafakari safari hiyo. Mataifa yalikwenda kule kuonyesha mitambo na majengo. Taifa letu, lililokuwa na umri usiotimiza miaka kumi ya uhuru, lilipeleka watu wa Morogoro na magitaa yao. Mbaraka alitunga wimbo juu ya safari hiyo, na kwa wimbo huo mkulima wa Matombo au Mgeta ambaye hakujua Japani iko upande gani alipata kusimuliwa habari zake. Baadaye, Dakta Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa siku ya Krismasi ya mwaka 1971, Mbaraka alimtungia wimbo wa maombolezo. Aliimba juu ya fedha, juu ya masimango, juu ya mapenzi yaliyovunjika, juu ya heshima. Kwa ufupi, jambo lililowagusa watu lilipotokea, watu walingoja wasikie Mbaraka atasemaje.

Mwaka 1973 aliiacha Morogoro Jazz akaunda bendi yake mwenyewe, Super Volcano. Kwa kuwa nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, bendi zilirekodi katika studio za Redio Tanzania ili zitangazwe hewani, na aliyetaka santuri aliitafuta Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka kati ya Tanzania na Kenya ukafungwa. Mipaka hufungwa kwa magari na bidhaa, nyimbo hupita. Wimbo wake wa Shida, ulio miongoni mwa kazi zake za mwisho, ulinunuliwa kwa wingi sana Kenya. Kifo pia kilimkuta Kenya, katika ajali ya barabarani kama ile iliyomchukua Salum Abdallah miaka kumi na minne kabla yake.

Hizo ndizo habari za maisha yake kwa muhtasari. Sasa tukiri kosa letu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa kijana katika ofisi moja ya utamaduni, na tulikwisha anza kujulikana kidogo kwa mashairi yetu. Tuliagizwa kuandaa orodha ya sanaa za mkoa, kisha kwenda kuzungumza na wanafunzi katika shule moja ya sekondari. Tuliandika ngoma, tukaandika ufinyanzi, ususi wa mikeka, uhunzi, hadithi na mashairi. Tulipomaliza kusoma, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alisimama akauliza kwa adabu: “Ndugu mgeni, mbona Mbaraka Mwinshehe hatumsikii katika orodha hiyo?” Wenzake walicheka kidogo. Tulimjibu kwamba dansi ni muziki wa kuiga, tena wa kwenye vilabu vya pombe, na kwamba sisi tulikuja kuzungumza juu ya utamaduni. Yule kijana akaketi. Mwalimu wake akatupongeza.

Jioni tulimweleza baba habari hiyo kwa majivuno, tukidhani atafurahi kwamba mwanawe anazungumza mbele za watu. Alikuwa amestaafu, na macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, “Mwanangu, reli hii ilijengwa na nani?”

Tulijibu, “Na Wajerumani, baba.”

“Mimi nimeifanyia kazi miaka ishirini na tisa. Nimefukia mashimo yake wakati wa masika, nimezika wenzangu wawili kando yake. Hebu niambie wewe uliyesoma, leo ni ya nani?”

Hatukuwa na jibu, naye hakulingoja. Aliomba maji ya kutawadha akaenda kuswali.

Swali hilo lilitusumbua kwa miaka. Lilitusumbua zaidi tulipoirudia hotuba ambayo tulidhani tunaijua. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alilihutubia Bunge na kutangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Katika hotuba hiyo alisikitika kwamba wengi wetu tulijivunia kucheza rumba na chachacha ilhali gombe sugu na mangala hatukuzijua. Maneno hayo tuliyashika kwa moyo, na ndiyo tuliyoyatumia kumnyamazisha yule mwanafunzi. Lakini katika hotuba hiyo hiyo Mwalimu aliendelea kusema wazi kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wengine linajitia upumbavu; kosa ni kujifunza ya wengine kwa kuyatupa ya kwetu. Sisi tulikuwa tumesoma nusu ya kwanza, tukaijenga kazi yetu juu ya nusu hiyo.

Tukaanza basi kumsikiliza Mbaraka upya, safari hii tukiwa na masikio ya mshairi. Sisi tulilelewa katika shule ya vina na mizani. Kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi juu ya sheria za kutunga mashairi, kilichotoka mwaka 1954, tulikisoma hadi jalada likaachia. Kwa hiyo jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa kuyaandika maneno ya nyimbo kadhaa katika karatasi na kuhesabu mizani. Hazikutimia. Mstari mmoja ulikuwa mrefu, wa pili mfupi, wa tatu umekatika katikati kama mtu aliyepaliwa. Tulikaribia kuridhika kwamba hukumu yetu ya zamani ilikuwa ya haki.

Ndipo tulipoipiga santuri tena huku tukifuata kwa kidole ile karatasi, tukaona kosa letu. Pale ambapo mstari ulikatika, gitaa la solo liliingia likaumalizia. Mizani tuliyoitafuta katika silabi ilikuwa imegawanywa kati ya ulimi na nyuzi. Mwimbaji alisema nusu ya jambo, gitaa likalitimiza, na saksafoni ikalithibitisha kama wazee wanavyoitikia katika baraza. Kisha, baada ya habari kusimuliwa kwa utulivu, likaja chemko, ambapo maneno hupungua na mwili hupewa zamu yake. Tukakumbuka kwamba hata ushairi wetu wa kale haukutungwa ili ulale katika karatasi. Tenzi ziliimbwa, mbolezi ziliimbwa na waliofiwa, shairi lilighaniwa mbele za watu walioweza kulijibu. Ule wimbo wa msiba wa Dakta Kleruu, ukiusikiliza vizuri, ni mbolezi. Nyimbo nyingine ni barua, nyingine ni mawaidha ambayo bibi zetu wangeyatambua mara moja. Kilichokuwa kigeni kilikuwa mti wa gitaa na waya zake.

Wala hatusemi kwamba kila lililopigwa katika dansi lilikuwa jema. Nyimbo dhaifu zilikuwepo, na vilabu vya pombe navyo vilikuwepo. Zipo nyumba zilizoharibika kwa hayo, na majirani zetu wengine ni mashahidi. Lakini sanaa haipimwi kwa mahali ilipopigiwa peke yake. Ngoma za mavuno pia zilikuwa na pombe zake, nasi tuliziandika katika orodha bila kusita.

Baba alifariki mwaka 2001. Tulipokusanyika kugawana vitu vyake tuliiulizia gramafoni, tukaambiwa ilikwisha haribika siku nyingi ikauzwa kwa fundi kama vyuma. Santuri tulizikuta katika sanduku la mbao chini ya kitanda. Unyevu wa masika ya Morogoro ulikuwa umezipinda, na mchwa walikuwa wamekula bahasha zake za karatasi. Moja tuliikuta jikoni. Mtu mmoja wa nyumbani, kwa kutojua, alikuwa ameifanya kifuniko cha mtungi wa maji. Tuliigeuza tukasoma lebo iliyofifia. Ilikuwa ya Morogoro Jazz. Hatukuweza kumlaumu aliyeiweka pale. Yeye hakujua thamani yake. Sisi tuliyepewa mshahara ili tujue tulikuwa tumesimama mbele ya darasa zima tukasema haina thamani.

Hapa ndipo palipo na deni. Wanamuziki hawa walirekodi kwa malipo madogo, na nyimbo zao zikapigwa redioni miaka nenda miaka rudi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, miaka ishirini baada ya Mbaraka kuzikwa. Kanda za Redio Tanzania, ambazo baadaye ziliingia chini ya Shirika la Utangazaji, TBC, ndizo ghala kubwa la sauti hizo, na kanda ni kitu kinachozeeka kama mtu. Nyimbo za Salum Abdallah zilikusanywa katika albamu iliyotolewa Ulaya mwaka 2000, jambo la kushukuriwa. Lakini inatia haya kwamba mgeni hutusaidia kuhifadhi kile ambacho sisi tulikiita cha kigeni.

Kwa walimu tunaomba jambo moja lisilohitaji fedha. Katika kila mji wa nchi hii wapo wazee waliopiga bendi, au waliocheza, au waliokata tiketi mlangoni. Wanafunzi na watumwe kwao na madaftari, waandike majina ya bendi, ya nyimbo na ya mitindo, na sababu zilizofanya kila wimbo utungwe. Somo la fasihi simulizi lisiishie katika vitendawili na visasili. Wimbo wa dansi uwekwe mezani pamoja na shairi, wanafunzi waupime kwa masikio na kwa kalamu. Na mwanafunzi akiuliza jina ambalo halimo katika orodha ya mgeni, asichekwe.

Yule kijana wa kidato cha tatu hatukulijua jina lake. Sasa ni mtu mzima, huenda ni mwalimu. Kama atayasoma makala haya, tunamwomba radhi, na tunamjulisha kwamba orodha imesahihishwa. Ile santuri ya mtungi tunayo. Imepinda, nayo ina duara jeupe lililoachwa na maji, lakini upande mmoja bado unapigika.